Reli Ilipoichagua Kigoma

Juni 1857, Waingereza Richard Burton na John Speke waliondoka pwani kwenda bara. Walifika Ujiji, kando ya Ziwa Tanganyika, Februari 1858, miezi minane baadaye, Speke akiwa karibu kipofu na Burton hajiwezi kwa miguu. Na hawakuwa wakifungua njia mpya: Wanyamwezi, Waswahili na Waarabu walikuwa wameizoea zamani.

Katika njia hiyo kila kitu kilibebwa begani au kichwani. Mzigo wa mpagazi ulikuwa kama frasila mbili, yaani kilo 30 na ushei. Ndiyo maana biashara ya Ujiji ilibagua bidhaa. Pembe za ndovu zilikuwa na thamani ya kulipia chakula, hongo (ushuru wa njiani) na ujira wa miezi yote hiyo. Gunia la mahindi lingeliwa na wabebaji wenyewe kabla ya kuona bahari. Watumwa nao waliswagwa kwa miguu, na wengine walibebeshwa pembe hizo hizo.

Wajerumani walianza kujenga Reli ya Kati kutoka Dar es Salaam mwaka 1905. Ilifika Morogoro 1907, Tabora 1912, na mwanzoni mwa 1914 ikagusa Ziwa Tanganyika, kilometa 1,250 hivi kutoka baharini. Safari ya miezi ikawa ya siku.

Lakini haikuishia Ujiji. Wahandisi walitaka maji yenye kina na ghuba iliyokingwa na mawimbi, na Kigoma, kilometa chache tu kaskazini, ilikuwa na vyote viwili. Mashua za wafanyabiashara wa Ujiji zilitosheka na ufuko. Meli ya chuma isingetosheka.

Meli yenyewe ilikuja kwa treni. Graf von Götzen iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande na kupakiwa katika makasha yapatayo 5,000. Hakuna msafara wa wapagazi ambao ungeweza kufikisha shehena ile ziwani. Iliunganishwa upya Kigoma na kushushwa majini mwaka 1915, Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia ikiwa imepamba moto. Julai 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe, baada ya kuzipaka mashine zake grisi nzito, kwa matumaini ya kuirudia. Waliofaidi ni Waingereza, walioitwaa nchi baada ya vita: waliiibua mwaka 1924, na 1927 ikaanza kazi kwa jina la Liemba.

Wabelgiji nao waliitaka njia hiyo ya reli kwa ajili ya Kongo, koloni lao ng'ambo ya ziwa. Kwa mkataba wa 1921 na Waingereza walipewa maeneo ya bandari Kigoma na Dar es Salaam, na bidhaa za upande wa pili wa ziwa zikawa zinavushwa kwa meli, kisha zinapanda behewa hadi baharini. Dagaa wa Kigoma, ambao mpagazi asingepata faida kuwabeba, wakapata walaji mbali na ziwa.

Ujiji haikufa. Wavuvi na mafundi mashua wake waliendelea na kazi, na leo miji hiyo miwili iko chini ya manispaa moja, ambayo stesheni na bandari yake kuu viko Kigoma.