Maneno yaliyomezwa na yaliyotemwa kwenye kaunta za Venice

Wanafunzi wangu wa isimu hunizonga kila mwaka kwa swali lile lile: mbona maneno mengine yanayobuniwa na wataalamu hushika, na mengine hufia kamusini? Tarakilishi limefundishwa shuleni miaka na mikaka, lakini mwalimu yule yule aliyelifundisha, akishatoka darasani, huuliza nani amezima kompyuta. Vibanzi twavisoma magazetini. Kibandani twaagiza chipsi, na vijana huagiza chipo. Aghalabu swali hili hujibiwa kwa mifano ya sayansi na teknolojia. Leo hebu tulijibu kwa chakula, na itabidi twende mbali kidogo: Venice, Italia, katika vile vimikahawa ambamo watu hula wamesimama.

Kimkahawa cha aina hiyo wenyeji hukiita bacaro, na vikiwa vingi ni bacari. Si mahali pa kitambaa cheupe mezani na uma tatu kando ya sahani. Ni chumba chembamba chenye kaunta, juu ya kaunta pana kabati la kioo, na ndani ya kabati mna sahani za vipande vidogo vidogo vya chakula: nusu yai lililochemshwa na kuwekewa samaki wa chumvi, kitonge cha nyama kilichokaangwa, kipande cha mkate kilichopakwa samaki aliyepondwa. Unaonyesha kwa kidole, unapewa, unalipa kipande kwa kipande, unateremshia kwa gilasi ndogo ya mvinyo, kisha unahamia bacaro nyingine. Vipande hivyo ndivyo cicchetti. Mkenya anayesimama jioni kando ya jiko la mutura, akikatiwa kipande juu ya kibao na kuongezewa kachumbari, hahitaji kufafanuliwa zaidi. Mvinyo tu ndio haupo.

Bacari nyingi za jadi ziko karibu na Rialto, lilipo soko la samaki na mboga. Wateja wake walikuwa wachuuzi, wapagazi na wapiga makasia, watu wa kuamka alfajiri wasio na nafasi ya kuketi. Mojawapo ya bacari hizo hujinadi kuwa imekuwapo tangu 1462. Wenye mikahawa hupenda sana kuzeesha biashara zao, lakini kwamba desturi yenyewe ni kongwe hakuna anayebisha.

Sasa tazama maneno. Gilasi ile ndogo ya mvinyo huitwa ombra, yaani kivuli. Hadithi inayosimuliwa kila pembe ya mji ni kwamba wauza mvinyo wa zamani waliweka meza zao katika uwanja wa Mtakatifu Marko, chini ya mnara mrefu wa kengele, na jua lilivyosogea nao wakasogeza meza kufuata kivuli ili mvinyo usipate joto. Kwenda kunywa kukawa “kwenda kivulini”. Etimolojia tamu kama hii humtia mwanaisimu wasiwasi, kwa sababu watu hubuni visa vya kueleza maneno kama wanavyobuni visa vya kueleza mbona fisi anachechemea. Hata hivyo hii haina ubaya. Mnara wenyewe uliporomoka Julai 1902 ukajengwa upya na kufunguliwa 1912, na katika miaka hiyo kumi isiyo na mnara wala kivuli chake, watu waliendelea kuagiza ombra bila kusita.

Neno cicchetto nalo lina wazazi wawili wanaogombaniwa. Wako wanaolipeleka kwa Kilatini ciccus, kitu kidogo kisicho na thamani. Wengine wanasema limetoka Kifaransa, chiquet, kiasi kidogo. Pande zote mbili zinakubaliana juu ya udogo.

Lakini utamu wa somo uko ndani ya sahani. Chukua ile iitwayo sarde in saor. Ni samaki wadogo waliokaangwa, wakapangwa kwa tabaka pamoja na vitunguu vilivyopikwa kwa siki, juu zikanyunyizwa zabibu kavu na mbegu za msonobari. Saor ni matamshi ya Kivenezia ya neno ambalo Kiitaliano sanifu hulitamka sapore, yaani ladha. Mapishi haya yalianza kwa haja, si kwa anasa: siki huzuia samaki kuoza, na baharia aliyekuwa safarini siku nyingi alihitaji chakula kisichoharibika. Chakula cha dhiki kikageuka kitoweo cha fahari. Jina halikubadilika, na lahaja haikuombwa ijisanifishe kwanza ndipo iingie mkahawani.

Sahani ya pili ni baccalà mantecato, samaki mkavu aliyechemshwa na kupigwapigwa kwa mafuta ya zeituni hadi akawa laini kama malai. Samaki huyu hapatikani katika bahari ya Venice. Ni ng'onda wa Norway, aliyeanikwa kwenye upepo wa baridi hadi akawa mgumu kama kuni. Mwaka 1431 nahodha Pietro Querini aliondoka Krete akielekea Flanders na shehena ya mvinyo na watu 68. Dhoruba ikamvunjia jahazi, na mwanzoni mwa 1432 manusura wachache wakajikuta karibu na kisiwa cha Røst, kaskazini kabisa mwa Norway. Wavuvi wa huko wakawaokoa na kuwalisha. Querini aliandika juu ya samaki hao waliokaushwa bila chumvi, na Venice humpa yeye sifa ya kuwaleta nyumbani. Sasa angalia jina. Huko Italia kwingine baccalà ni samaki aliyewekwa chumvi, na yule mkavu asiye na chumvi huitwa stoccafisso, neno lenye asili ya Kijerumani na ndugu zake. Wavenezia wao humwita huyu mkavu baccalà, jina lenye uhusiano na Kihispania bacalao. Samaki wa Norway, jina lenye harufu ya Hispania, mapishi ya Venice. Wasanifishaji lugha wangeliona hilo kuwa kosa. Wavenezia wanaliona kuwa chakula cha jioni.

Kinywaji je? Kile cha rangi ya machungwa ambacho watalii hupigia picha kinaitwa spritz, kutokana na kitenzi cha Kijerumani chenye maana ya kurusha au kunyunyiza maji. Venice ilitawaliwa na Austria hadi 1866, na inasimuliwa kwamba askari wa utawala huo waliuona mvinyo wa huko kuwa mkali, wakawa wanautilia maji. Mtawala alifukuzwa, neno lake likabaki kaunta likinywewa.

Kwa hiyo bacaro moja ina Kivenezia, Kihispania, Kijerumani na pengine Kifaransa, bila mtu kulalamika. Walalamikaji walifika baadaye, nao walikuja na dola.

Mussolini alishika madaraka 1922. Mwaka uliofuata serikali yake ikaongeza kodi kwa mabango ya biashara yaliyotumia maneno ya kigeni, na Desemba 1940 sheria ikayapiga marufuku kabisa katika majina na matangazo ya biashara. Akademia ya Kifalme ya Italia ikapewa kazi ya kutayarisha orodha za maneno mbadala. Pale Venice palikuwa na mkahawa mashuhuri uliofunguliwa 1931 na Giuseppe Cipriani, ukiitwa Harry's Bar. Ulilazimika kujiita Arrigo, tafsiri ya Harry. Utawala ulipoanguka, Harry akarudi langoni.

Kabla ya sheria hiyo, wasanii nao walikuwa wamejitolea. Filippo Tommaso Marinetti, kiongozi wa wale waliojiita Wafuturisti, alitangaza vita dhidi ya tambi mwishoni mwa 1930, akidai eti zinawafanya Waitaliano kuwa wazito na wavivu. Mwaka 1932 yeye na mwenzake Fillìa wakachapisha kitabu cha mapishi chenye kamusi ndogo ndani yake. Baa ikaitwa quisibeve, yaani “hapa-hunywewa”. Kokteli ikawa polibibita, kinywaji-wingi. Kitamutamu cha mwisho wa mlo kikawa peralzarsi, “cha kuinukia”. Sandwichi ikapewa jina traidue, “kati-ya-viwili”. Ukimwuliza Mwitaliano wa leo maana ya maneno haya, huenda akacheka kwanza.

Lakini hapa ndipo wapinzani wa ubunaji wa istilahi wanapoharakisha kushangilia, na nawaomba wangoje. Katika miaka hiyo hiyo ya 1920, wanandoa waliorejea kutoka Marekani walianza kuuza katika Caffè Mulassano mjini Turin mkate laini usio na gamba, uliokatwa pembe tatu na kujazwa vitu katikati. Mshairi Gabriele D'Annunzio ndiye anayetajwa kuwa aliupa jina tramezzino, yaani kijikatikati. Neno hilo lipo hadi leo. Katika mabaa ya Venice kwenyewe, tramezzini zilizonona tumboni hupangwa dirishani kando ya cicchetti, na muuzaji hajui kwamba anatamka neno lililotungwa ili kufukuza neno la Kiingereza. Mwanaisimu Bruno Migliorini naye alipendekeza regista kwa mwelekezi wa filamu mwaka 1932, na autista kwa dereva, mahali pa maneno ya Kifaransa. Yote mawili yameshika.

Linganisha basi traidue na tramezzino. Wazo ni moja: kitu kilicho kati. Wabunaji wote walikuwa watu wa fasihi, tena wenye majina makubwa. Mmoja alifaulu na mwingine akashindwa, na tofauti naiona mahali pawili. Traidue ni kirai kilichogandishwa kikaitwa nomino. Tramezzino ni nomino halali, yenye kiambishi cha udogo ambacho kila mtoto wa Italia anakijua. Hilo ni la mofolojia. La pili ndilo zito zaidi: traidue lilizaliwa kitabuni, nalo tramezzino likazaliwa kaunta, mkate wenyewe ukiwa mkononi. Mteja alijifunza neno kwa kulila.

Nikirudi kwetu, mofolojia mara nyingi hatuna shida nayo. Kitindamlo ni neno zuri. Limejengwa kwa mfano wa kitindamimba, na hata nyanya wa kijijini angelielewa akilisikia mara ya kwanza. Shida ni kwamba katika nyumba nyingi za Kenya mlo hauna cha kuutinda: ugali ukiisha umekwisha, labda kipande cha papai. Na kule kwenye hoteli ambako kitindamlo kipo kweli, weita hukitaja kwa Kiingereza, na orodha ya vyakula aliyokupa haina hata neno moja la Kiswahili. Tangu 2010 Katiba inasema Kiswahili ni lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Kaunta haijapata habari. Lawama zangu basi siwatupii sana wabunaji. Tunawatungia watu maneno ya mahali ambapo tumekubali Kiswahili kisizungumzwe.

Palipo na chakula na wasemaji pamoja, lugha hufanya kazi yake bila kamati. Mkahawa lilitokana na kahawa, na sasa halijali kama kahawa ipo. Tambi hulifikirii mara mbili, lakini tazama umbo lake, lina sura ile ile ya utambi wa taa. Nayo spaghetti ya Waitaliano ni nyuzi ndogo. Watu wawili wasiojuana walitazama sahani moja wakaona uzi.

Waswahili na Waitaliano hawajui kuonana kwenye sahani tu. Malindi, mji uliompa Vasco da Gama mwongozi wa kumvusha hadi India mwaka 1498, na kwa hivyo ukachangia kuitikisa biashara ya viungo iliyoitajirisha Venice, leo una mitaa ambayo mabango yake yameandikwa Kiitaliano. Vijana wa ufuoni wamekijua Kiitaliano bila kuingia darasani, na watoto huwasalimu wageni kwa ciao. Neno hilo ni la Kivenezia, kutokana na s-ciavo, mtumwa: “mimi ni mtumwa wako”. Wazee wa pwani waliozoea shikamoo, ambalo tunafundishwa kuwa ni “nashika miguu yako”, hawangelishangaa.

Na kama kuna msomaji anayetaka kuona neno la Kiitaliano lililofika Nairobi na kukaa, asiende kwenye mikahawa ya bei ghali. Aende Eastleigh, aagize baasto. Wasomali waliipata pasta chini ya utawala wa Waitaliano, na kwa kuwa lugha yao haina sauti /p/, wakaiweka /b/ mahali pake. Mchuzi wake, sugo, wakauita suugo. Huliwa na ndizi mbivu kando.

Wenzangu wameniuliza cicchetti tuziite nini. Tukifuata matamshi tutapata chiketi, na mteja atadhani anaambiwa aketi, ilhali chakula chenyewe huliwa wima. Mimi nachagua vionjo. Neno lipo tayari, ni fupi, na lina kitenzi kinachojulikana na kila mtu aliyewahi kusimama jikoni akisubiri mchuzi uive. Kilichobaki ni mwenye mkahawa mmoja tu akubali kuliandika ubaoni, na weita alitamke bila kuona haya.