Uchaguzi wa pedi na lainingi za breki kwa malori yanayovuta tela

Lori linalotoka Dar es Salaam na shehena ya Rwanda au Burundi hushuka mlima Sekenke, mkoani Singida, likiwa limejaa. Linalorudi bandarini na shaba ya Zambia au Kongo hushuka Kitonga, mkoani Iringa. Kwa upande wa Kenya, malori yanayotoka Uganda kwenda Mombasa hukutana na mteremko mrefu wa Sachangwan kabla ya Nakuru. Katika sehemu zote hizo dereva hutegemea kitu kinachouzwa kwenye boksi dogo dukani, na mara nyingi hununuliwa kwa kuangalia bei tu.

Sheria ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 inaruhusu gari lenye ekseli 7 kuwa na uzito wa hadi tani 56. Gari la uzito huo likishuka mteremko wa asilimia 5 kwa kasi ya kilomita 40 kwa saa, kuna nguvu ya karibu kilowati 300 ambayo ni lazima izuiwe mfululizo, sawa na pasi 300 za umeme za wati 1,000 zilizowashwa kwa pamoja. Matairi na upepo huchukua sehemu ndogo. Gia nzito na breki ya injini huchukua sehemu nyingine. Inayobaki hugeuka joto kwenye breki. Kwa kasi ya kilomita 20 joto hilo hupungua kwa nusu, na ndiyo maana madereva wa zamani hushuka polepole tangu kileleni.

Kwa hiyo sifa ya kwanza ya kutafuta si kudumu muda mrefu. Pedi ngumu sana huweza kukaa miezi mingi kwa sababu tu haishiki. Kinachotakiwa ni pedi inayoendelea kushika ikiwa imepata moto. Kwenye breki za dramu tatizo huwa kubwa zaidi, kwa sababu dramu yenyewe hutanuka kwa joto na kuiacha shuu nyuma, hivyo chemba ya upepo hulazimika kusukuma mbali zaidi. Kama slaki zilikuwa zimelegea tangu mwanzo, breki huisha kabla mteremko haujaisha.

Lainingi nyingi zina herufi mbili zilizopigwa ubavuni. Herufi ya kwanza huonyesha msuguano zikiwa baridi, ya pili zikiwa na moto. E ni kati ya 0.25 na 0.35, F ni kati ya 0.35 na 0.45, na G ni kati ya 0.45 na 0.55. Lainingi ya FE hupoteza nguvu inapopata moto. Ya FF hubaki katika kiwang’o kilekile. Hata hivyo herufi hizo zisichukuliwe kama hati ya ubora. Kipimo chake hufanywa kwenye kipande cha inchi moja ya mraba, si kwenye gurudumu la lori, na hakisemi lolote kuhusu kupasuka wala kuisha haraka.

Alama yenye uzito zaidi ni ile ya herufi E ndani ya duara, pamoja na namba ya kibali chini ya kanuni ya Umoja wa Mataifa namba 90. Pedi yenye kibali hicho imelinganishwa na pedi ya asili ya gari husika, na nguvu yake ya kushika hairuhusiwi kutofautiana nayo kupita mpaka uliowekwa. Kanuni hiyo hutaka pia pedi ziuzwe kwa seti ya ekseli nzima, katika boksi lililofungwa kwa namna inayoonyesha kama limewahi kufunguliwa. Muuzaji anayetoa pedi mbili mbili kutoka kwenye boksi lililo wazi anastahili kuulizwa maswali. Alama inaweza kughushiwa, kwa hiyo mnunuzi aangalie pia bati la nyuma kama limenyooka, kama lainingi imekamata vizuri bila nyufa, na kama namba ya boksi inafanana na iliyo kwenye pedi.

Namba nyingine muhimu ni ya WVA, yenye tarakimu tano, ambayo hutambulisha umbo na vipimo. Pedi mbili zinaweza kufanana kwa macho na kutofautiana kwa milimita chache tu, na fundi akapiga jiwe la kunolea mpaka ziingie. Kazi ya namna hiyo ikataliwe. Malori ya Kimarekani yana hatari yake: shuu za 4515 na 4707 zote ni za inchi 16.5 kwa 7, lakini maumbo yake ni tofauti na hazichanganywi.

Kosa linalogharimu zaidi ni kukitazama kichwa peke yake. Mmiliki hununua pedi za asili kwa ajili ya kichwa, kisha tela hupewa lainingi ya bei rahisi kwa kuwa “tela haina injini”. Tela isiyoshika humwachia kichwa kazi yote. Pedi nzuri huungua, na lawama hupelekwa kwa aliyeziuza. Mbaya zaidi, tela isiyoshika husukuma kichwa kutoka nyuma, na kwenye kona yenye utelezi gari hujikunja. Kinyume chake, lainingi kali mno kwenye tela tupu hufunga matairi. Wanaobadilishana matela mipakani wana sababu zaidi ya kuuliza tela imefungwa lainingi gani kabla ya kuiunganisha.

Tela yenye dramu za milimita 420 kwa kawaida hutumia vipande 8 vya lainingi kwa ekseli, yaani 24 kwa ekseli tatu. Gharama hiyo huwashawishi wengi kubadilisha upande mmoja ulioisha. Ekseli ibadilishwe yote, kulia na kushoto, kwa aina moja. Dramu iliyokerezwa ikapanuka huhitaji lainingi nene zaidi ya ile ya kawaida, vinginevyo inagusa katikati tu. Lainingi iliyolowa mafuta kutokana na sili ya habu haioshwi kwa petroli. Hutupwa, na sili hubadilishwa kwanza. Za zamani zenye asbesto, ambayo Umoja wa Ulaya uliipiga marufuku mwaka 2005, bado huweza kukutwa kwenye shuu za mtumba. Fundi asipulize vumbi lake kwa upepo wa kompresa.

Kwa breki za diski, pedi hubadilishwa kabla lainingi haijafika milimita 2 juu ya bati. Diski nayo ipimwe. Nyingi za magurudumu ya inchi 22.5 huanza na unene wa milimita 45 na kikomo chake ni 37. Pedi mpya kwenye diski iliyokwisha ni hasara ya mara mbili.

Baada ya kufunga, dereva apewe nafasi ya kuzizoesha pedi kwa kushika kidogo kidogo katika mamia ya kwanza ya kilomita, bila kuanzia mlimani. Slaki zinazojirekebisha zenyewe zisikazwe kwa spana kila wiki. Zikilegea tena, kuna kitu kimeharibika na kukaza hukificha tu. Kisha, kwenye kituo cha kwanza, magurudumu yote yapimwe joto kwa kipimajoto cha kuelekeza. Gurudumu lililo baridi kuliko wenzake halishiki, na lenye moto kupita kiasi linabeba kazi ya hilo.