Noti ya zamani ya Tanzania: ikague kabla ya kuiuza

Tangu noti za shilingi za mwaka 1985 hadi 2003 ziondolewe kwenye mzunguko, watu wengi wamefungua masanduku na kukuta noti za zamani zaidi. Muda wa kubadilisha zile za 1985 hadi 2003 ulikuwa 6 Januari hadi 5 Aprili 2025. Sasa thamani ya noti hizo inategemea wanaokusanya fedha za kale, na matapeli wanalijua hilo.

Tuchukue mfano wa noti za kwanza za Benki Kuu ya Tanzania, zilizotoka mwaka 1966: shilingi 5, 10, 20 na 100, zenye picha ya Mwalimu Nyerere.

Je, ni halisi?

Washa tochi ya simu nyuma ya noti. Utaona kichwa cha twiga ndani ya karatasi, pamoja na uzi wa usalama. Twiga huyo hakuchapwa juu kwa wino; ametengenezwa pamoja na karatasi.

Pitisha kidole juu ya maandishi. Noti halisi huwa na mparuzo kidogo.

Piga picha kwa karibu, kisha ikuze. Mistari ya noti halisi ni myembamba na haikatiki ovyo. Ukiona vinukta vya rangi vimetawanyika, huenda ni nakala ya mashine.

Ukionyeshwa noti mbili za aina moja zenye namba ileile, kataa. Kila noti ina namba yake.

Ni aina gani?

Noti hizi hazina mwaka, kwa hiyo angalia sahihi. Edwin Mtei alikuwa gavana wa kwanza, 1966 hadi 1974. Yenye sahihi ya Charles Nyirabu, aliyemfuata, ni ya baadaye.

Kwa noti nyekundu ya shilingi 100, geuza nyuma. Moja ina mfugaji wa Kimasai na mifugo. Nyingine ina wanyamapori mbalimbali. Ya mfugaji ni adimu zaidi.

Hali yake ikoje?

Umri peke yake hauleti bei. Noti iliyonyooka huuzwa ghali kuliko iliyokunjwa, iliyochanika au kuandikwa kwa kalamu. Usiifue, usiipige pasi, usiigundishe kwa selotepu. Iweke ndani ya kitabu kikavu.

Jihadhari

Mnunuzi wa kweli hakuombi utume hela kwanza, iwe "ada ya usajili" au "ya kutolea". Anayetaja mamilioni kabla ya kuona picha za pande zote mbili anakutega. Tuma picha, noti ibaki nyumbani. Uliza bei kwa wanunuzi zaidi ya mmoja, na ukabidhi noti pale tu unapopokea malipo yako.