Bajaji: Unapanda Jina la Mtu Kila Siku!

Mdau, ukidandia bajaji leo jua umepanda jina la ukoo wa mtu. Jamnalal Bajaj alikuwa mfanyabiashara wa India, alianzisha kampuni zake mwaka 1926. Jamaa alikuwa mtu wa karibu sana wa Gandhi kwenye harakati za uhuru.

Chombo chenyewe asili yake ni Italia, mwaka 1948. Piaggio walikiita Ape, yaani nyuki. Ndugu yake, Vespa, maana yake ni nyigu. Baadaye India wakapata leseni ya kukiunda, kikatoka na jina la Bajaj.

Kilipotua Bongo tukaongeza "i" mwishoni, kazi ikaisha. Sasa hivi hata TVS, ambao ni wapinzani wao, tunaita bajaji! Ila vuka mpaka uende Mombasa, kitu hicho hicho ni tuktuk.

Makampuni yanaogopa sana hii kitu. Aspirin lilikuwa jina la Bayer peke yao, leo Marekani kiwanda chochote kinalitumia.

Yaani tajiri anasajili jina, ila maana yake tunaipanga sisi abiria. Wewe kwenu mnaitaje? Funguka.