Picha za uchumba Ziwa Ngosi: mambo ya kupanga kabla ya kupanda

Vijana wengi wa Nyanda za Juu Kusini siku hizi wanataka picha za uchumba mahali penye mandhari, si studio. Ziwa Ngosi, katika safu ya milima ya Uporoto mkoani Mbeya, ni moja ya sehemu zinazotajwa sana. Wengine huenda baada ya kuvishana pete. Wengine wanataka ndoa ndogo isiyo na sherehe, wawili na mashahidi wao, kisha picha ziwani. Makala hii inaeleza safari yenyewe, makubaliano na mpiga picha, na kile ambacho sheria ya Tanzania inasema kuhusu uchumba na ndoa.

Ziwa lenyewe

Ngosi ni ziwa la kreta, yaani maji yaliyojaa katika shimo lililoachwa na volkeno. Uso wa maji uko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Ziwa lina urefu wa kilomita 2.5 hivi na upana wa kilomita 1.5, na hakuna mto unaotoka ndani yake. Kuta za kreta ni za mwinuko mkali na zimefunikwa na msitu. Wenyeji wana masimulizi mengi juu ya ziwa hili na wanaliheshimu, kwa hiyo muulize mwongozaji wako mapema kipi kinafaa kufanyika pale na kipi hakifai.

Ziwa limo ndani ya msitu wa hifadhi unaosimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS). Kuna kiingilio, na malipo ya serikali hufanywa kwa namba ya malipo, si kwa kumpa mtu fedha mkononi. Ulizeni ofisi ya TFS kabla ya safari: kiingilio ni kiasi gani kwa mtu mmoja, na je, kupiga picha za kazi kuna malipo ya ziada? Mkitaka kurusha droni, kibali cha msitu hakitoshi. Droni inahitaji pia vibali vya Mamlaka ya Usafiri wa Anga na vya wizara inayohusika na ulinzi.

Njia na usalama

Mtatoka barabara kuu ya Mbeya kwenda Tukuyu, mfuate barabara ya vumbi hadi chini ya mlima, kisha mpande kwa miguu ndani ya msitu. Tengeni saa moja hadi mbili za kupanda. Njia ina matope na mizizi, na mvua ikinyesha huteleza sana.

Picha nzuri hupigwa juu, ukingoni, ambako ziwa lote linaonekana. Kushuka hadi majini ni jambo lingine kabisa: mteremko ni mkali na kurudi juu kunachosha. Mwenye shela au suti asijaribu. Ukingoni kwenyewe msirudi nyuma huku mkitazama kamera. Mpiga picha ndiye anayesogea, ninyi mnabaki mlipo. Mpeni mtu mmoja kazi moja tu, kuangalia miguu yenu.

Nguo za picha zibebwe kwenye begi, mvae viatu vya kupandia, mbadilishe juu. Khanga mbili na watu wawili wa kuzishika zinatosha kuwa chumba cha kubadilishia. Bebeni koti, maji, chakula na mfuko wa kurudisha taka.

Msimu na saa

Mvua za Rungwe na Uporoto ni nyingi, hasa kuanzia Novemba hadi Mei. Miezi ya ukavu ni bora kwa njia, ila Juni na Julai baridi ni kali. Hata wakati wa kiangazi ukungu unaweza kufunika ziwa lote kwa dakika chache, na unaweza kukaa hapo hadi mkakata tamaa. Kwa hiyo kubalianeni na mpiga picha siku ya akiba, au mahali pa pili siku hiyo hiyo. Ziwa Kisiba, liitwalo pia Masoko, kusini mwa Tukuyu, na Daraja la Mungu juu ya Mto Kiwira, ni rahisi zaidi kufikika.

Kwa kuwa kuta za kreta ni ndefu, jua huchelewa kufika majini. Anzeni kupanda mapema ili kati ya saa 2 na saa 4 asubuhi muwe juu. Jua la saa sita hutia vivuli vyeusi machoni. Msibaki juu hadi jioni. Giza ndani ya msitu huingia haraka.

Kama hamna fedha ya mpiga picha, simu inatosha. Futa kioo cha kamera kwa kitambaa safi, usivute picha karibu bali sogea wewe, na gusa uso wa mtu kwenye skrini ili simu ipime mwanga wake. Baridi humaliza chaji, hivyo weka simu ndani ya koti mpaka wakati wa kupiga.

Makubaliano na mpiga picha

Yaandikeni, hata kama ni kwa ujumbe wa simu: bei yote, kianzio, idadi ya picha, siku ya kuzikabidhi, nani analipa nauli na kiingilio chake, na itakuwaje mvua ikinyesha. Tunza ujumbe wa muamala. Kubalianeni pia kama anaruhusiwa kuweka picha zenu mtandaoni. Wengi wamejikuta na picha zinazosambaa kabla mshenga hajafika kwa wazazi, na barua ya posa ikapokelewa kwa hasira.

Picha si ndoa

Pete na picha havimfanyi mtu kuwa mke au mume. Kwa Sheria ya Ndoa ya 1971, wanaotaka kuoana hutoa taarifa kwa mfungishaji au msajili angalau siku 21 kabla, isipokuwa wakipewa leseni maalumu na Msajili Mkuu. Ndoa inahitaji ridhaa ya hiari ya wote wawili na mashahidi wasiopungua wawili. Kwa hiyo wanaotaka ndoa ya kimya wamalize kwanza taratibu hizo, ndipo wapande mlima.

Je, mahari isipolipwa? Sheria hiyo inasema kutofuata mila ya mahari hakubatilishi ndoa. Hata hivyo, sheria haiwezi kuwapatanisha na baba aliyesikia habari kwa jirani. Kama hofu yenu ni gharama ya sherehe, mwambieni shangazi au mjomba anayeaminika aipeleke hoja hiyo nyumbani.

Uchumba ukivunjika, mahakama haiwezi kumlazimisha mtu kuoa au kuolewa. Aliyevunjiwa ahadi anaweza kudai gharama halisi alizotumia kwa sababu ya ahadi hiyo, na zawadi zilizotolewa kwa matarajio ya ndoa zinaweza kudaiwa zirudishwe. Risiti zenu zina kazi.

Jambo moja halina mjadala. Kumtorosha mwanafunzi si mapenzi ya siri. Sheria ya Elimu, kwa marekebisho ya 2016, inakataza kuoa au kuolewa na mwanafunzi wa shule ya msingi au sekondari, na kifungo kinaweza kufika miaka 30.

Kabla ya kuondoka nyumbani

Hakikisheni mmelipa kiingilio, mna mwongozaji, siku ya akiba imepangwa, simu zina chaji, na kuna mtu nyumbani anayejua mmekwenda wapi na mtarudi saa ngapi.