Dawa ya bluu na mawazo ya mama mkubwa

Wadau, nimepotea kidogo, mnisamehe. Field ilinibana. Ila kuna kitu nimetoka nacho huko, nisipokiandika sitalala.

Wiki ya mwisho tulikuwa maabara na kidato cha tatu, tunapima sukari kwa ile dawa ya bluu ya Benedict. Unachemsha, inageuka kijani, njano, mwisho inakuwa nyekundu kama tofali. Dogo mmoja akauliza, "Mwalimu, tukiweka mkojo je?" Darasa zima kicheko, na mimi nikacheka. Usiku nikasoma, kumbe dogo yuko sahihi! Stanley Benedict, Mmarekani, aliitengeneza mwanzoni mwa miaka ya 1900, na kwa miaka mingi wagonjwa wa kisukari walichemshia mkojo wao nyumbani na kusoma rangi, kama wanafunzi wangu tu.

Kabla ya hapo madaktari walionja. Ndiyo, kwa ulimi! Mwaka 1674 Thomas Willis wa Oxford aliandika kwamba mkojo huo ni mtamu kama asali, jambo ambalo waganga wa kale wa India walishalijua zamani. Lakini kilichonishika ni chanzo alichokitaja: huzuni ya muda mrefu. Nikamkumbuka mama mkubwa. Yeye anasema sukari yake ni mawazo, yalimwanza baba mkubwa alipofariki.

Mwaka 1776 Matthew Dobson wa Liverpool alikausha mkojo wa mgonjwa, ikabaki sukari. Akakuta hata damu yake ni tamu, kwa hiyo tatizo halikuanzia kwenye figo. Mwaka 1889 Mering na Minkowski walimtoa mbwa kongosho, akapata kisukari. Hapo huzuni ikapoteza kesi, ingawa si yote: mawazo mazito kweli hupandisha sukari ya mtu ambaye tayari anaumwa.

Sasa ubaya wa mkojo ni huu. Kwa kawaida figo haziachii sukari mpaka ile ya damu ipite kama milimoli 10 kwa lita. Dawa inabaki bluu, mtu anajiona kapona, kumbe bado. Vipimo vya tone la damu vilikuja miaka ya 1960.

Na msiniambie ni ugonjwa wa matajiri. Mwaka 1989 Profesa Donald McLarty na wenzake walichapisha vipimo vya vijiji sita vya Tanzania: wagonjwa hawakufika 1 kati ya 100. Utafiti wa kitaifa wa 2012, kwa wenye miaka 25 hadi 64, ulipata asilimia 9.1. Umri na maeneo vinatofautiana, sawa, lakini pengo hilo jamani!

Jana nikampigia mama mkubwa. Ameacha sukari kwenye chai, hasikii kiu tena, basi kliniki kaacha. Miezi mitano hajapima. Nikamweleza habari ya figo na ile bluu inayodanganya. Kimya. Nikasema Jumamosi nakuja, twende wote.

"Njoo, mwanangu. Ila mkojo wangu usiupeleke kwa wanafunzi wako."