Tundu la dharura la kiendeshi cha diski

Tundu la dharura la kiendeshi cha diski ni kitundu chembamba, chenye upana wa milimita moja hivi, kilichopo usoni mwa kiendeshi cha CD au DVD cha kompyuta. Kazi yake ni kufungua trei kwa mkono pale kitufe kinaposhindwa au umeme unapokosekana, ili diski iliyokwama itolewe bila kuvunja kitu.

Kwa kawaida trei ya kompyuta ya mezani husukumwa na mota ndogo kupitia mkanda wa mpira na magurudumu yenye meno. Mkanda huo hulegea kadiri miaka inavyopita. Sababu nyingine za kukwama ni diski mbili kuwekwa pamoja, diski kutolala sawasawa, au lebo ya karatasi kubanduka na kunasa ndani. Mara nyingine kiendeshi ni kizima kabisa, ila programu fulani bado inaisoma diski. Hapo inatosha kuifunga programu hiyo au kuwasha kompyuta upya.

Kabla ya kutumia tundu, kompyuta huzimwa kabisa na kuachwa kidogo. Katika viendeshi vya kasi diski huweza kuzunguka takriban mara 10,000 kwa dakika, na kufungua trei ikiwa bado inazunguka ni kuikwaruza. Kisha klipu ya karatasi hunyooshwa, huingizwa wima tunduni na kusukumwa mpaka ncha yake ikutane na kizuizi. Katika kompyuta ya mezani msukumo huo husogeza magurudumu ya meno, trei ikatokeza kidogo, halafu huvutwa taratibu kwa vidole. Katika kompyuta ya mkononi huachilia komeo tu, na trei hujitokeza yenyewe. Njiti ya kiberiti haifai: hukatikia ndani, na tatizo moja likawa mawili. Kubandua mlango kwa kisu ni kubaya zaidi.

Macintosh ya mwaka 1984 tayari ilikuwa na tundu kama hilo. Kiendeshi chake cha diski laini hakikuwa na kitufe cha kutolea diski, kwa hiyo kompyuta ikigoma klipu ndiyo iliyobaki.

Viendeshi vinavyomeza diski kupitia mwanya, bila trei, mara nyingi havina tundu linaloonekana. Kwenye kompyuta nyingi za Apple za aina hiyo, kushikilia kitufe cha kipanya wakati kompyuta inawaka huifanya diski itoke.